Kupima kemia ya aina za saladi: mwongozo kwa anayeingia maabara mara ya kwanza

Msimu wa utafiti wa mwaka wa mwisho ukifika, mlango wa maabara yetu haukauki wanafunzi. Swali ni lile lile: "Fundi, nina aina nne za saladi, nataka kujua ipi ina virutubisho vingi zaidi. Naanzia wapi?" Nimelijibu kwa mdomo miaka mingi, safari hii naliandika.

Nasema saladi kwa maana ya ile mboga ya majani tunayoiita hivyo sokoni, ambayo wengine huiita letasi (Lactuca sativa). Mfano wangu utakuwa aina nne ambazo mbegu zake si ngumu kupata: Great Lakes inayofunga kichwa kama kabichi, Parris Island Cos yenye majani marefu yaliyosimama, Grand Rapids ya majani ya kijani yaliyokunjamana, na Lollo Rossa nyekundu. Ukiwa na mchicha, rokoti au majani ya figili, hatua ni hizi hizi, ila namba utakazopata zitakuwa tofauti.

Jambo moja ulishike tangu sasa. Kazi nyingi ninazoziona zikiharibika haziharibikii kwenye mashine. Zinaharibikia shambani na kwenye ubao wa kukatia. Ndiyo maana hatua za mwanzo nimezieleza kwa urefu kuliko za maabara.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vifaa: mizani inayosoma hadi gramu 0.001, oveni inayoshika nyuzi 70 bila kuyumba, friza, sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili mashapo yatuame), spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaofyonzwa), bureti ya mililita 10, pipeti, chupa za ujazo za mililita 25, 50 na 100, kinu na mchi wa kauri, karatasi za kuchujia, boksi la barafu, karatasi ya aluminiamu, na kisu cha chuma kisichoshika kutu.

Kemikali: asidi ya metafosforiki, rangi ya dikloroindofenoli (tutaiita DCPIP), asidi ya askobiki safi, asetoni, methanoli, kalsiamu kaboneti, kitendanishi cha Folin-Ciocalteu, asidi ya galiki, sodiamu kaboneti, asidi ya salisiliki, asidi ya salfuriki kali, sodiamu haidroksaidi, potasiamu nitrati. Maji yawe yaliyokenekwa. Ya bomba usiyaguse kwa kazi hii, kwa sababu huweza kuwa na nitrati yake na klorini inayokula vitamini C.

Koti, glavu na miwani ya kinga si mapambo. Asetoni na methanoli hushika moto upesi, na asidi ya salfuriki ikikurukia jichoni hakuna utafiti wa kukulipa.

Hakikisha pia umeweka zamu ya mashine kabla ya kuvuna. Usivune Jumatatu halafu ukaambiwa spektrofotomita ina mtu mpaka Alhamisi.

Hatua ya 1: Panda aina zote pamoja

Usinunue Great Lakes sokoni, ukachuma Lollo Rossa bustanini kwa jirani, kisha ukazilinganisha. Hapo utakuwa umelinganisha mashamba mawili, mbolea mbili na safari mbili za lori. Saladi iliyoshuka kutoka Lushoto usiku kucha haifanani na iliyochumwa asubuhi hii, hata kama mbegu ni ile ile.

Gawa eneo mafungu matatu au zaidi. Kila fungu liwe na aina zote nne, na nafasi ya kila aina ndani ya fungu (tutaiita kitalu) ipatikane kwa kura. Siku ya kusia iwe moja, mbolea sawa, maji sawa. Mistari ya pembeni usiihesabu, kwa kuwa mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi kuliko wenzake.

Hatua ya 2: Vuna kwa saa moja na umri mmoja

Chagua saa na uishike. Mimi hupenda saa moja hadi saa mbili asubuhi, jani likiwa limejaa maji. Nitrati ndani ya jani hupanda na kushuka kufuata mwanga: jua likiwaka, mmea huitumia kutengeneza protini, na usiku au siku ya mawingu hulundikana. Ukivuna fungu la kwanza asubuhi na la tatu alasiri, umeshaingiza tofauti ambayo haihusiani na mbegu.

Umri nao una mtego. Siku 50 za Grand Rapids si sawa na siku 50 za Great Lakes, maana ya pili huchelewa kufunga kichwa. Vuna kila aina ikifika hali ya kuuzwa, na uandike siku zake. Mmea ulioanza kuchomoza shina la maua uache. Ukiukata utaona utomvu mweupe mwingi, na humo ndimo mlimo laktusini na laktukopikrini zinazofanya saladi iliyozeeka iwe chungu.

Kutoka kila kitalu chukua mimea mitano au sita. Mmoja hautoshi.

Hatua ya 3: Safirisha kwa baridi

Weka kwenye mifuko ya plastiki yenye lebo, ndani ya boksi la barafu, na katikati ya barafu na jani weka gazeti au kitambaa. Jani likigusana na barafu huungua na kulegea, na vitamini C huanza kupotea papo hapo. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hufutika ukilowana.

Hatua ya 4: Kata robo, usichume jani

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta kuliko yote, na naomba ulisome mara mbili.

Mwanafunzi hufika na kichwa cha Great Lakes, huchuma jani la nje lililo zuri na la kijani, akalisaga. Kisha huchuma jani la Lollo Rossa, akalisaga. Anapata klorofili zinazokaribiana na kuandika kwamba aina hizi hazitofautiani. Lakini pasua kile kichwa cha Great Lakes katikati uone mwenyewe: majani mawili matatu ya nje ni ya kijani, yanayofuata yamefifia, na moyo ni mweupe unaoelekea manjano. Mlaji hula sehemu kubwa ya ule weupe. Lollo Rossa haifungi kichwa, karibu kila jani lake limeliona jua. Ukichukua la nje tu, umepima mahali jani lilipokaa, hujapima aina.

Fanya hivi. Ondoa majani yaliyooza au kuliwa na wadudu. Suuza haraka, usiloweke, kisha ukaushe kwa taulo safi la karatasi, kwa sababu maji yaliyobaki juu ya jani yataingia kwenye uzito. Pasua kila kichwa kutoka juu hadi kwenye kikonyo upate robo nne. Chukua robo mbili zinazotazamana kutoka kila mmea wa kitalu kimoja, toa kikonyo kigumu cha chini, katakata vipande vya kama sentimita moja, changanya vyote vizuri. Hiyo ndiyo sampuli ya kitalu hicho.

Kuanzia kisu kinapogusa jani, saa inakimbia. Jani lililokatwa huanza kujitengenezea fenoli (kemikali ambazo mmea hujikinga nazo) mpya kama jeraha linalojiponya, na ndiyo maana kingo za saladi iliyokatwa huwa za kahawia. Kata kitalu kimoja, kimalize, ndipo uende kingine.

Hatua ya 5: Gawa sampuli ya kila kitalu mafungu matatu

Fungu A, gramu 40 hivi, ni la uzito mkavu na nitrati. Fungu B, gramu 20, ni la vitamini C na linaingia kwenye asidi ndani ya dakika chache. Fungu C, gramu 30, ni la rangi na fenoli: ligandishe kwa nitrojeni kimiminika kama ipo, lisage likiwa limeganda, lihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama una friza ya kawaida tu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, tandaza fungu liwe jembamba ligande upesi, na ulipime ndani ya siku chache. Usiliyeyushe. Lipime likiwa bado gumu.

Hatua ya 6: Uzito mkavu

Pima gramu 20.00 za fungu A, weka kwenye oveni nyuzi 70 kwa saa 48, pima, rudisha saa mbili, pima tena. Uzito ukiwa haujabadilika, umemaliza. Gramu 20.00 zikibaki 1.04, uzito mkavu ni asilimia 5.2. Saladi ni maji kwa karibu asilimia 95, kwa hiyo usishtuke.

Usiiruke hatua hii kwa kuwa ni nyepesi. Aina yenye asilimia 4 na yenye asilimia 6 zikiwa na kemia ile ile kabisa kwenye kavu, ya pili itaonekana kuizidi ya kwanza mara moja na nusu kwenye bichi, kwa sababu ya maji tu. Ripoti zote mbili: kwa uzito mbichi, kwa sababu ndio anaokula mtu, na kwa uzito mkavu, kwa sababu ndio unaoonyesha tofauti ya mmea wenyewe.

Hatua ya 7: Vitamini C

Saga gramu 10 za fungu B kwenye kinu pamoja na asidi ya metafosforiki ya asilimia 3, iliyokaa kwenye friji. Mimina kwenye chupa ya ujazo wa mililita 50, suuzia kinu kwa asidi ile ile, jaza hadi alama, chuja. Kujaza hadi alama kuna maana yake: gramu 10 za saladi huleta zaidi ya mililita 9 za maji yake yenyewe, na usipoyahesabu matokeo yatapotoka.

Kwanza pima nguvu ya DCPIP kwa asidi ya askobiki unayoijua. Tuseme miligramu 0.5 za askobiki, baada ya kutoa blanki (kipimo cha asidi tupu isiyo na sampuli), zimetumia mililita 5.0 za rangi. Basi mililita 1 ya rangi ni sawa na miligramu 0.1. Rudia kila siku, kwani rangi hii hupungua nguvu hata ikiwa kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji.

Sasa chukua mililita 10 za kichujo (kimiminika ulichokichuja), tonesha rangi kutoka kwenye bureti huku ukitikisa, hadi waridi hafifu lidumu sekunde 10 hivi. Tuseme zimetumika mililita 2.3 baada ya kutoa blanki. Hizo ni miligramu 0.23 kwenye mililita 10, yaani 1.15 kwenye mililita 50 zote, zilizotoka kwenye gramu 10. Jibu ni miligramu 11.5 kwa gramu 100. Great Lakes huweza kutumia chini ya mililita moja. Ikiwa hivyo, punguza ukali wa rangi mara mbili, pima upya nguvu yake, ndipo uendelee.

Tahadhari kubwa ni kwa saladi nyekundu. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari ambalo Lollo Rossa ilikuwa na vitamini C sifuri kwenye vitalu vyote. Nilimwomba anionyeshe kichujo. Kilikuwa cha waridi kabla ya tone la kwanza. Anthosianini, ile rangi nyekundu ya jani, huwa ya waridi ndani ya asidi, na waridi ndiyo dalili uliyoambiwa uisubiri. Alikuwa amesimamisha titresheni, yaani ule utoneshaji wa rangi, kabla haijaanza. Kama una aina nyekundu hata moja, tumia HPLC (mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima moja moja), au titresheni ya iodini na wanga ambayo mwisho wake ni buluu iliyoiva hadi kuwa nyeusi. Ukibadilisha njia, ibadilishe kwa aina zote. Usipime za kijani kwa njia hii na nyekundu kwa ile, kisha uziweke kwenye jedwali moja.

DCPIP pia haioni vitamini C ambayo imeshaoksidika kuwa dihidroaskobiki. Kwa hiyo andika "asidi ya askobiki", usiandike "vitamini C yote".

Hatua ya 8: Klorofili (rangi ya kijani) na karotenoidi (rangi za manjano na chungwa)

Punguza taa, funga madirisha. Saga gramu 0.5 za fungu C pamoja na kalsiamu kaboneti kidogo ya kuondoa uasidi na asetoni baridi ya asilimia 80. Sentrifuji dakika 10. Mashapo yakiwa bado ya kijani, rudia, unganisha, jaza hadi mililita 25. Funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu.

Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 663.2, 646.8 na 470. Kama mashine yako haina desimali, 663 na 647 zinatosha. Soma pia 750: hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri, la sivyo kimiminika kina vumbi na kinahitaji kuzungushwa tena. Kisha tumia milinganyo ya Lichtenthaler ya asetoni ya asilimia 80:

Klorofili a = 12.25 × A663 − 2.79 × A647
Klorofili b = 21.50 × A647 − 5.10 × A663
Karotenoidi zote = (1000 × A470 − 1.82 × a − 85.02 × b) ÷ 198

Jibu ni mikrogramu kwa mililita. Kwa mfano, 0.640, 0.260 na 0.420 zinatoa a ya 7.11, b ya 2.33 na karotenoidi 1.06. Zidisha kwa 25, gawanya kwa 0.5, upate mikrogramu kwa gramu ya jani bichi: klorofili zote 472, karotenoidi kama 53.

Usitumie milinganyo hii kwa methanoli wala kwa asetoni ya asilimia 100, kila kiyeyushi kina yake. Na usitumie kuveti (vichupa vya kusomea kwenye mashine) za plastiki ya kawaida. Asetoni huzitia ukungu mbele ya macho yako, na mashine itausoma ukungu huo kama klorofili.

Hatua ya 9: Fenoli, na anthosianini kwa nyekundu

Saga gramu 1 ya fungu C ndani ya methanoli ya asilimia 80, zungusha, jaza mililita 25. Chukua mililita 0.5, ongeza 2.5 za Folin-Ciocalteu iliyopunguzwa mara kumi, subiri dakika 5, ongeza 2.0 za sodiamu kaboneti ya asilimia 7.5. Weka gizani kwa saa moja, soma kwenye 765. Linganisha na grafu ya asidi ya galiki ya miligramu 0, 20, 40, 60, 80 na 100 kwa lita. Muda wa kusubiri uwe sawa kwa kila kuveti, pamoja na za grafu.

Kitendanishi hiki hakichagui. Vitamini C nayo hukibadilisha rangi. Kwenye saladi fenoli kubwa ni asidi ya klorojeniki na asidi ya chikoriki, lakini hapa hujazipima moja moja. Umepima jumla ya vitu vinavyokibadilisha kitendanishi, na hivyo ndivyo uandike.

Anthosianini: punguza dondoo ile ile kwa bafa (myeyusho unaoshika pH isibadilike) ya pH 1.0 na kwa bafa ya pH 4.5, soma zote mbili kwenye 520 na 700, toa 700 kwenye 520 kwa kila bafa, kisha toa ya pH 4.5 kwenye ya pH 1.0. Zidisha tofauti hiyo kwa 449.2, kwa kiasi ulichopunguza, na kwa 1000, halafu gawanya kwa 26,900. Ni miligramu kwa lita za sianidini-3-glukosidi, anthosianini inayotumika kama kipimo.

Hatua ya 10: Nitrati

Saga fungu A lililokauka liwe unga. Gramu 0.1 ndani ya maji mililita 10, nyuzi 45, saa moja, chuja. Chukua mililita 0.2 za kichujo, ongeza 0.8 za asidi ya salisiliki ya asilimia 5 iliyoyeyushwa ndani ya asidi ya salfuriki kali. Subiri dakika 20, kisha ongeza polepole mililita 19 za sodiamu haidroksaidi ya molari 2. Chombo kitapata moto, kiweke ndani ya maji baridi na usikizibe. Kikipoa, soma kwenye 410, ulinganishe na grafu ya potasiamu nitrati.

Kila sampuli iwe na blanki yake iliyotiwa asidi ya salfuriki isiyo na salisiliki, kwa sababu kichujo cha majani kina manjano yake.

Kosa la hapa ni la hesabu. Kuna anayeripoti nitrati, na kuna anayeripoti nitrojeni iliyo ndani ya nitrati. Kutoka ya pili kwenda ya kwanza unazidisha kwa 4.43. Ukisahau, saladi yako itaonekana salama kupita ukweli. Kisha rudisha kwenye uzito mbichi: miligramu 40,000 kwa kilo ya unga mkavu, kwa saladi ya asilimia 5.2, ni 2,080 kwa kilo ya saladi mbichi. Kwa kipimo cha kulinganishia, Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 2,000 kwa kilo kwa saladi za kichwa kigumu aina ya aisbagi zilizolimwa nje, na 3,000 kwa nyingine za nje zilizovunwa kati ya Aprili na Septemba. Rokoti imeachiwa 6,000 hadi 7,000 kwa kuwa hulundika nitrati kwa asili yake.

Mambo yakienda mrama

*Marudio matatu yanalingana kabisa, ila mwalimu ameyakataa.* Huenda ulisoma kuveti moja mara tatu. Hayo ni marudio ya mashine. Marudio ya utafiti ni vitalu vitatu tofauti shambani.

*Uwiano wa klorofili a kwa b uko chini ya 2.* Mara nyingi huwa karibu na 3. Kagua usomaji wa 750, kagua kama uliweka kalsiamu kaboneti, na uangalie kama dondoo limegeuka rangi ya zeituni. Likigeuka, klorofili imeharibika. Anza upya kutoka friza.

*Ufyonzaji umepita 1.* Punguza dondoo kwa kiyeyushi kile kile na uandike umepunguza mara ngapi. Usirefushe mstari wa grafu kwa rula ukifika mahali ambapo hukupima.

*Kuna mashapo meupe kwenye mirija ya Folin.* Zungusha kwenye sentrifuji kabla ya kusoma, na usome kilicho juu.

*Vitamini C inashuka kadiri siku inavyosonga, aina yoyote.* Sampuli zinakusubiri mezani. Leta kitalu kimoja kimoja kutoka kwenye baridi, na upange zamu ya aina kwa kura ili ile ile isiwe ya mwisho kila mara. Angalia pia umri wa asidi ya metafosforiki: ikipita wiki moja kwenye friji, tengeneza nyingine.

*Vitalu vya aina moja vimetofautiana kuliko aina zenyewe.* Rudi kwenye daftari la shamba kabla ya kuilaumu mashine. Tafuta kitalu kilichopata kivuli, kilichokosa maji, au kilichovunwa wa mwisho. Kama sababu imeandikwa humo, ieleze kwenye ripoti. Kama haimo, usikifute kitalu hicho kwa kuwa tu hakikupendezi. Kiache na namba zake.